KUKAGUA MIZINGA YA NYUKI SIKU ZA JUA KATIKATI YA KIPUPWE

Na Katibu wa Chama cha Nyuki, Kidato cha Nne

Kila mwaka, mwezi wa Julai, hapa kwetu katika nyanda za juu za kusini huja siku tatu au nne, pengine juma zima, ambazo hazifanani na majira yake. Upepo wa kusini-mashariki uliokuwa ukituletea ukungu na manyunyu hutulia, mbingu hutakata, na ifikapo saa tano wanafunzi huvua sweta zao na kuzifunga viunoni. Siku hizo nyuki wa shule nao hutoka. Mtu apitaye nyuma ya bustani ya mboga husikia mvumo mkubwa milangoni mwa mizinga, na wengi hutuambia sisi wa Chama cha Nyuki, "Nyuki wenu mwaka huu wana afya kweli." Nataka kueleza katika ukurasa huu kwa nini tusikiapo maneno hayo huenda mbio kutafuta mizani.

Asiyefuga nyuki yafaa kwanza ajue jinsi wanavyojikinga na baridi. Nyuki mmoja peke yake ni kiumbe dhaifu. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi mwili wake hufa ganzi, asiweze kuruka, na hatimaye asiweze hata kutambaa. Lakini kundi zima lina akili nyingine. Hewa inapopoa kufikia nyuzi 14 hivi, nyuki huacha pembe za mzinga wakakusanyika juu ya masega na kushikamana kama tunda moja kubwa. Walio nje hubanana sana, vichwa vikielekea ndani, wakawa kama blanketi. Walio katikati hutetemesha misuli ya mabawa pasipo kupiga mabawa yenyewe, na mtetemo huo hutoa joto. Ni jambo lile lile litupatalo sisi mstarini asubuhi, meno yanapogongana. Na kama kuna majana, yaani watoto wa nyuki walio bado funza, joto la mahali pale hutunzwa liwe nyuzi 34 au 35, hata kama nje umande umeganda juu ya majani.

Moto huo una kuni zake, nazo ni asali. Nyuki hali asali kwa ajili ya kushiba tu. Huila ili apate nguvu ya kutetemeka. Basi kundi lenye asali nyingi hustahimili baridi kali, na kundi lisilo na asali hufa kwa baridi ndogo ambayo mtoto wa Kidato cha Kwanza huipita amevaa shati.

Wenzetu wa Kanada, wa majimbo ya kaskazini ya Marekani na wa Ulaya ya kaskazini walijifunza mambo haya kwa taabu kuliko sisi, maana kwao theluji hukaa miezi. Huko nyuki hawatoki nje wiki nyingi, na kwa kuwa hawapendi kuchafua nyumba yao hujizuia wasiende haja muda wote huo. Siku jua likichomoza na joto likapita nyuzi 10, hutoka kwa haraka kubwa, na theluji iliyo mbele ya mizinga hujaa madoa ya manjano. Mfugaji huingoja siku hiyo. Huenda akafagia kwa kijiti nyuki waliokufa mlangoni, akainua nyuma ya mzinga kidogo apate kujua uzito wake, akategea sikio, kisha akaenda zake. Hatoi sega hata moja. La ajabu kwangu niliposoma habari zao ni kwamba wengi hawaogopi sana Desemba, wakati wa giza refu, bali Februari na Machi, baridi inapoanza kulegea. Malkia amekwisha kurudia kutaga, majana yataka joto na chakula kila saa, na maua hayajafunguka. Kundi lililoshinda barafu yote hufa likiwa limebakiza majuma machache tu kufikia maua. Mzinga wa namna hiyo ukifunguliwa, nyuki hukutwa wamekufa vichwa vyao vimezama ndani ya matundu ya sega yasiyo na kitu, kama watu waliokufa wakilamba sufuria.

Kipupwe chetu si cha theluji, na nyuki wetu hawaachi kabisa kutaga wala kuruka. Lakini hesabu ni ile ile, na wetu wana jambo moja zaidi: wakiona njaa huweza kuhama. Nyuki wa Afrika hangoji kufa nyumbani. Asubuhi moja waukuta mzinga kimya, masega yapo, asali hakuna, nyuki hakuna, wala mzoga hakuna. Katika daftari la Chama imeandikwa kwamba mwaka juzi, kabla sijaingia chamani, mizinga ilikuwa minane. Ilipofika Septemba ilikuwa sita. Mmoja ulikutwa na nyuki waliokufa vichwa ndani ya matundu, na mwingine ulikutwa mtupu, nondo wa nta wamekwisha kutanda nyuzi zao. Mstari mmoja tu juu ya habari hiyo, tarehe za Julai, pameandikwa kuhusu mizinga hiyo hiyo: "Wanaruka vizuri sana."

Sasa, siku za jua huleta njaa kwa namna gani? Hapa mwalimu wetu wa Jiografia alitusaidia. Wingu na ukungu hufunika nchi kama shuka. Mchana huzuia jua, lakini usiku huzuia joto lisitoke. Mbingu ikitakata, mchana huwa na joto, na usiku ardhi hupoteza joto lake lote kwenda juu pasipo kizuizi. Kwa hiyo mchana wa joto na usiku mkali kuliko yote huja pamoja, na sakitu huonekana mabondeni siku hizo hizo ambazo watu husema baridi imekwisha. Julai hii tulitundika kipimajoto cha maabara kivulini karibu na mizinga. Saa nane mchana kilionyesha nyuzi 22, na kesho yake alfajiri nyuzi 5.

Mfikirie nyuki katikati ya hali hiyo. Mchana kundi hujifungua na kutawanyika, malkia huongeza mayai, na maelfu huruka huku na huku kutafuta chakula. Kuruka ni kazi ya gharama kubwa kuliko zote kwa nyuki. Usiku inabidi wajikusanye upya wawashe moto mkubwa, tena sasa wana majana mengi zaidi ya kufunika. Na mchana wameleta nini? Tazama vilima vinavyotuzunguka. Upande wa mashariki ni misindano mitupu, ambayo ni mali kwa mwenye mbao, lakini ua lenye utamu kwa nyuki haina. Miwati iliyo bondeni itatoa maua yake ya manjano kipupwe kikielekea kwisha. Iko mikaratusi michache barabarani, na maua ya mboga zetu. Basi wengi wa wale tunaowasifu kwa kuruka hurudi mikono mitupu, na siku nne za jua huweza kula asali ambayo ingetosha siku kumi za ukungu.

Sisi hukagua kwa kutazama, kwa kusikiliza na kwa kupima, na kufungua mzinga huwa mwisho kabisa, pengine tusifungue.

Kutazama hufanywa saa sita mchana. Mtu husimama ubavuni mwa mzinga hatua sita au saba, wala si mbele ya mlango, maana nyuki huchukia azibaye njia yao. Tusitazame wingi wa warukao bali miguu ya waingiao. Wenye vifuko vya chavua, vyeupe au vya manjano, hutwambia kwamba ndani kuna majana, kwa kuwa chavua ndiyo chakula cha kuyalea. Hapo twajua malkia yu hai, na twajua pia kwamba matumizi ya chakula ni makubwa. Kisha twatazama chini. Nyuki wachache waliokufa si jambo. Kila siku wazee hufa. Lakini tukiona majana meupe yametupwa nje twashtuka, maana kundi lenye njaa, au lililopatwa na baridi ndani, huwatoa watoto wake. Chengachenga za nta mlangoni pengine ni alama ya nyuki wezi kutoka mzinga mwingine wanaorarua vifuniko vya asali. Michirizi mingi ya kahawia ukutani mwa mzinga ni dalili ya tumbo. Madoa machache ya manjano ni haja ya kawaida tu, wala yasimtishe mtu.

Kusikiliza ni kazi ya magharibi, nyuki wote wakiwa wamerudi. Aliyevaa kofia yenye wavu huweka sikio ubaoni na kugonga mara moja kwa kidole. Sauti ikipanda "vuu!" ikanyamaza mara, vema. Wazee wa hapa husema kwamba sauti ikibaki ikilia kwa muda mrefu kama kilio, kundi lina shida, ama la chakula ama la malkia. Kuhusu jambo hili daftari letu bado ni changa mno kutoa hukumu, lakini twaandika kila tusikialo.

Kupima ndiko ninakokutegemea mimi. Mizinga yetu ni masanduku ya mbao yaliyotundikwa kwa waya mbili kwenye nguzo, na juu yake vimepangwa vipande vya mbao tuviitavyo viunzi, ambavyo nyuki hujenga masega chini yake. Twaazima mizani ya ndoano ya stoo, ile ya kupimia magunia ya maharage. Wanafunzi wawili hushika mti mabegani, mizani ikaning'inia katikati, tukainua upande wa mbele wa mzinga upana wa kidole tu, tukasoma, kisha upande wa nyuma, tukasoma, tukajumlisha. Kazi hiyo hufanywa magharibi ile ile, pasipo moshi, pasipo kelele, na nyuki mara nyingi hawana habari. Chini ya kila mzinga pameandikwa kwa rangi uzito wake ulipokuwa mtupu. Ukitoa huo, na ukitoa kilo tatu hivi za nyuki, nta na majana, kinachobaki ni ghala.

Nilipomweleza habari hizi mzee mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye ametundika mizinga ya magogo tangu ujana wake, alicheka kidogo. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu," nikamwuliza yeye hukagua vipi wakati huu. Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Mzinga wakati wa baridi haufunguliwi. Huinuliwa tu kwa mkono, na mkono hujua." Basi mizani yetu ni mkono wa mzee huyo, kwa watu ambao mikono yao haijajua.

Palikuwa na ubishi chamani juu ya saa ya kufungua. Baadhi walitaka tufungue usiku, kama warina asali wafanyavyo mahali pengi, kwa sababu usiku nyuki hawaruki wala hawamfuati mtu. Kwa usalama wetu ni shauri jema, tena nyuki wetu si wa kuchezea. Lakini usiku wa nyuzi 5 ukiinua kifuniko, joto lililokusanywa kwa kilo za asali hutoka kwa dakika moja, na majana yakipoa hufa. Tena nta ikiwa baridi ni kavu kama biskuti. Sega lisilo na waya hukatika likaanguka pamoja na nyuki wake. Mwishowe mwalimu mlezi alikata shauri: hatufungui ila mzinga ambao mizani imeushtaki, na hufunguliwa saa tisa alasiri, siku isiyo na upepo, kipimajoto kivulini kisipungue nyuzi 18. Siku hiyo wapishi na mwalimu wa zamu hupewa habari, kitambaa chekundu hufungwa njiani, na mtu ambaye mwili wake huvimba sana akiumwa haruhusiwi kufika, hata akiwa mwenyekiti. Moshi ni pumzi mbili tatu tu, kwa kuwa nyuki akisikia moshi hukimbilia kujaza tumbo asali, na hapo ndipo hasa hatutaki. Viunzi vya nyuma ndivyo tuvinuavyo, maana mlango uko mbele, watoto hukaa karibu na mlango, na asali huwekwa nyuma. Ukiona masega mawili ya nyuma ni makavu, umekwisha kuona, funga.

Mwaka huu mizani iliushtaki mzinga na. 4. Mwezi wa Mei ulikuwa kilo 28. Siku ya kwanza ya jua la Julai ulikuwa kilo 23, na siku ya nne kilo 22, nao mtupu ni kilo 18. Hesabu ni rahisi, wala haipendezi: ghala lilikuwa na kilo moja, na kilo moja ndiyo iliyokuwa imeliwa kwa siku tatu. Wakati huo huo huo ndio mzinga uliokuwa ukisifiwa na wapita njia kuliko yote, na wenye chavua miguuni walikuwa wengi. Tulipoufungua, masega matatu ya nyuma yalikuwa meupe na mepesi kama karatasi.

Hapo ndipo lilipokuja suala la sukari. Wazazi wasomao gazeti hili wanajua kwamba mwanafunzi wa bweni huja na sukari yake ya uji, na sukari ya Julai si kitu cha kugawa ovyo, kwa kuwa safari ya nyumbani ni mbali. Chama kina wanachama kumi na wawili. Mmoja wetu alisema, nami nakiri kwamba alisema kwa akili, kuwa nyuki hawanunuliwi; mzinga mtupu uliopakwa nta huweza kupata kundi jingine bure msimu wa maua ukifika, kwa nini basi tunywe uji mchungu mwezi mzima? Akajibiwa kwamba kundi jingine laweza kuja na laweza lisije, na kwamba likija litaanza kujenga sega wakati hili lingekuwa likijaza asali. Na fedha ya asali ya mzinga mmoja ndiyo iliyonunua karatasi za majaribio ya mtihani ya Kidato cha Nne mwaka jana. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliongeza kwamba majana yale yaliletwa duniani na jua la uongo, si kosa lao. Tulipiga kura. Tisa walitoa kikombe kizima, wawili nusu, na yule msemaji, baada ya kukaa kimya mpaka kengele ya prepu, akaleta kikombe kilichojaa mpaka mdomoni.

Namna ya kulisha ni hii. Maji huchemshwa, yakaepuliwa, sukari vikombe viwili ikakorogwa katika kila kikombe kimoja cha maji mpaka iyeyuke, ikaachwa ipoe. Uji huo mzito wafaa wakati wa baridi kuliko ule wa maji mengi, kwa sababu nyuki hawana haja ya kutumia joto lao kukausha maji. Humiminwa katika sahani pana yenye vipande vya gunzi la mahindi, nyuki wapate pa kusimama wasizame, na huwekwa ndani ya mzinga upande wa nyuma. Saa yake ni magharibi, wala si mchana, maana nyuki wa mizinga mingine wakisikia harufu huja kuiba, na vita ya nyuki haina mwamuzi. Tone lililomwagika hufutwa, na waya hupakwa grisi kwa ajili ya sisimizi na siafu. Hatutumii asali ya sokoni kulishia, kwa kuwa asali isiyojulikana ilikotoka yaweza kuleta maradhi ya majana. Na wazazi wanunuao asali yetu wasiwe na shaka: masega yaliyojazwa wakati wa kulisha yametiwa alama, nayo ni ya nyuki wenyewe, hayatarinwa.

Asubuhi ya pili sahani ilikuwa kavu. Tulilisha mara tatu, kisha ukungu ukarudi. Mwisho wa Julai mzinga na. 4 ulikuwa kilo 24. Katikati ya Agosti miwati ya bondeni ilikuwa imeanza kufunguka, nyuki wakaingia wamepakwa manjano mpaka mgongoni, na mizani ikasoma kilo 25 na nusu.

Mizinga na. 1, 2, 3 na 5 haikufunguliwa wala kulishwa, nayo iko salama. Mzinga na. 6 ulikuwa na uzito mzuri kuliko yote, kilo 29, lakini usiku mmoja mwanzoni mwa Agosti tawi lililoanguka liligusa kifuniko chake, siafu wakapata daraja, na nyuki wakahama kabla hatujaamka. Mizani haina la kusema juu ya siafu. Matawi yote ya upande ule yamekwisha kukatwa, mzinga umesafishwa na kupakwa nta kwa ndani, nao unangoja kundi jingine. Upimaji utakaofuata ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao saa kumi na mbili jioni, na anayetaka kutazama aje na viatu vya kufunika vidole, asijipake manukato.